Mpira wa Bwana

Mchezo wenyewe haukutaka makubwa. Ulitaka nguzo mbili, wavu wa kukata uwanja katikati, mstari wa chokaa wa kuwaonyesha watu mwisho wao, na mpira. Basi. Mtu akikuhesabia hivyo utadhani ni kazi ya asubuhi moja, na kwa vitu vitatu vya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Nguzo zilikatwa mikokoni. Chokaa ilichomwa pale pale ufukweni. Wavu ulichukuliwa kwa Bi Mwahija, mjane wa mvuvi, na ndiyo kweli ulichukuliwa, maana hakuna aliyemwomba. Askari wawili waliukuta umeanikwa uani, wakaukunja, wakaenda nao. Mpira peke yake ndio uliotoka Ulaya, umelazwa ndani ya sanduku la majani makavu kama yai.

Hayo yalikuwa baada ya vita vya maji, mwaka ambao maghala ya bara yalikuwa yamekwisha kuchomwa na watu wakila mizizi. Kwenye boma dogo la pwani, mwendo wa siku moja kusini ya Kilwa, walikaa Wadachi wanne, na mkubwa wao watu walimwita Bwana Ngumi. Jina alilipata kwa mchezo wake. Mpira ulipigwa kwa ngumi upite juu ya wavu, na wa upande wa pili nao waurudishe kwa ngumi kabla haujatulia chini, na kila jioni kabla ya magharibi hiyo ndiyo ilikuwa shughuli. Lakini Wadachi wanne hawatoshi kugawana pande mbili. Bwana Ngumi akatazama kulia, akatazama kushoto, akawaona wafungwa.

Mnyororo mmoja ulikuwa na watu sita, na wa tatu kutoka mbele alikuwa Likwata wa Njinjo, mume wa Mboni. Kosa lake ni kukutwa na kitete cha dawa shingoni, ile dawa iliyoahidi kwamba risasi zitageuka maji. Hukumu yao sita ilikuwa moja: wapelekwe kaskazini kwa meli, kwenye kazi ya reli. Katika waliokwisha kupelekwa huko, hakuna aliyewahi kuleta hata salamu.

Siku ya kwanza walicheza na mnyororo wao shingoni. Watu waliokuwa wakichungulia uani walicheka mpaka wakaona haya, kwa sababu mmoja akirukia mpira, watano wanavutwa naye, na akianguka, wanaanguka wote. Bwana Ngumi hakucheka. Mchezo kwake ulikuwa mchezo, akaona wafungwa hawa wanamharibia. Akaamuru mnyororo ufunguliwe kila jioni, ufungwe tena baada ya mchezo. Na meli ilipokuja mwezi ule, shaushi, mkubwa wa askari, alipowapanga wa kupelekwa, Bwana Ngumi akawanyooshea kidole wale sita, akasema, "Hawa bado."

Meli ikaja mara ya pili. Akasema tena, "Hawa bado."

Mboni alilishika neno lile kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima. Alikuwa amemfuata mumewe kutoka Njinjo kwa miguu, akapata pa kulala kwa Bi Mwahija kwa kumtwangia na kumchotea maji. Kila jioni alisimama kwenye uzio wa seng'enge, kikapu cha chakula mkononi, akitazama mchezo. Wengine walitazama watu. Yeye alitazama mpira. Ulipopanda moyo wake ulipanda, ulipogonga chini alijikaza, na usiombe uanguke vibaya. Alikuwa amekwisha kuelewa jambo ambalo hata Likwata hakutaka kulisema: kilichomweka mumewe upande huu wa bahari si huruma ya mtu, ni kile kitu cha ngozi kilichojaa upepo.

"Wavu wangu ulizoea kunasa nguru," Bi Mwahija alikuwa akimwambia, "sasa unachezewa na Wadachi, na hata mmoja haumnasi." Alisema hivyo kila siku, na kila siku Mboni alicheka kidogo kwa adabu.

Ikaja jioni ya balaa, na aliyeleta balaa ni Likwata mwenyewe. Alikuwa ameuzoea mchezo, mkono wake umekomaa, na kama mwanamume yeyote alianza kusahau anacheza na nani. Mpira ulimjia vizuri, akaupiga kwa nguvu zake zote. Ukapita juu ya wavu, ukapita juu ya Wadachi, ukapita mstari wa chokaa, ukaenda kujitupa juu ya seng'enge, hatua tatu kutoka aliposimama Mboni. Aliusikia ukitoa pumzi. Likwata alibaki amesimama, ngumi bado iko juu, kama aliyesahau kuishusha.

Bwana Ngumi aliushona, akaupaka gundi, akaujaza upepo. Kesho yake ulikuwa umelala chapati. Kibofu chake cha ndani kilikuwa kimechanika pasipo dawa. Ndipo shaushi akawasimamia wale sita, akawafasiria maneno ya mkubwa wake.

"Bwana asema mpira mwingine uko Ulaya, ni miezi mitatu. Meli iko karibu, siku tisa tu. Pasipo mpira hapana mchezo, na pasipo mchezo hana haja nanyi. Ukipatikana mpira kabla ya meli, mtabaki. Usipopatikana, mtapanda."

Likwata akauliza, kwa upole, mpira utapatikana wapi.

"Mimi nijuaje?" akasema shaushi. "Mimi mtu wa bunduki."

Mboni aliyasikia yote pale uzioni. Na mtu wa Njinjo akisikia neno mpira, jambo la kwanza linalomjia si mchezo. Mpira ni mti, ule unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine msituni, ukiuchanja unatoa utomvu mweupe. Baba yake alikuwa mgema mpira, na babu yake, na yeye mwenyewe alipokuwa msichana alipakwa utomvu mikononi mpaka mabegani, ukakauka, ukavuliwa kama ngozi ya nyoka, ukaviringwa madonge ya kuuzwa pwani. Mpira! Wadachi waungoje miezi mitatu kutoka Ulaya, ilhali Ulaya yenyewe inaununua kwa watu wa Njinjo?

Alimweleza Bi Mwahija huku akihema. Bi Mwahija alitafuna tambuu yake polepole.

"Wa kwenu ni donge, mwanangu," akasema. "Ukilipiga kwa ngumi linakuvunja vidole. Wa kwao una pumzi ndani."

Mboni akainama. Hakuwa amelifikiria hilo, na kwa muda aliona giza mchana. Kisha akainua kichwa.

"Bi Mwahija, mbuzi akichinjwa, kibofu chake kinatupwa wapi?"

Mwanamke yule alimtazama. Akatema tambuu, akajitanda kanga, akatoka. Aliporudi alikuwa na kibofu cha mbuzi kilichooshwa kwa maji ya chumvi, na kitita cha uzi wa kushonea nyavu. Hakumwambia alichosema kwa mchinjaji, na Mboni hakuuliza. Alipiga magoti akamwambia, "Shikamoo, mama," ingawa asubuhi alikwisha kumwamkia.

"Marahaba. Nenda. Siku hazikungoji."

Alitembea siku tatu. Njinjo haikuwa Njinjo. Nyumba ya baba yake ilikuwa majivu yaliyokwisha kuota majani, na wachache waliobaki walimtazama kama mtu aliyepotea njia. Hakukaa. Aliingia msituni mahali anapopajua, na mipira ilikuwepo, imejipandia tu juu ya miti yake, haina habari ya vita wala njaa. Akachanja. Alikipuliza kibofu kwa kikonyo cha jani la papai, akipuliza na kupumzika, akipuliza na kupumzika, maana tumbo lake halikuwa na kitu cha kumpa nguvu. Kilipokaza, akakifunga kwa uzi wa Bi Mwahija, mafundo matatu. Kisha akajipaka utomvu mikononi na tumboni, akangoja ukauke, akauvua pamoja na vinyweleo vyake, akauzungushia kibofu utepe kwa utepe, kulia, kushoto, tena kulia, kama mtu anayemfunga majeruhi. Siku mbili. Ngozi ya tumbo ilimwasha kama imepigwa upupu.

Jioni ya siku ya pili aliuachia chini. Ukadunda ukamfikia kiunoni. Akaudaka, akauachia tena, ukadunda tena. Mboni akacheka peke yake msituni, kicheko cha sauti, akastuka kwa kujisikia. Tangu vita vianze hakuwa amecheka cha kwake mwenyewe, vyote vilikuwa vya kumridhisha mtu.

Siku tatu za kurudi aliubeba mgongoni ndani ya kanga. Alfajiri ya siku ya tisa aliona moshi wa meli kabla hajaiona bahari. Akakimbia.

Pale bomani kila kitu kilikuwa kimebadilika mahali pake. Bwana Ngumi alikuwa melini, amekwenda kunywa kahawa na nahodha. Shaushi alikuwa ufukweni na mashua. Langoni alisimama askari mgeni, asiyemjua Mboni wala habari zake, na mbele ya baraza ilikuwa safu ndefu ya watu wa bara wenye vikapu, maana siku hiyo ilikuwa siku ya vijiji vilivyopigana kuleta faini, na asiye na fedha alileta mpira.

"Umeleta nini?" akauliza askari.

"Nimeleta mpira," akasema Mboni.

"Mpira mizanini."

"Si wa mizani, baba. Huu ni mpira wa Bwana."

"Wote wa Bwana," akasema askari. "Unadhani hawa wamemletea nani?"

"Huu ni wa kupigwa."

"Hata wewe utapigwa. Shika safu."

Akashika safu. Alijaribu kumwambia aliyekuwa mbele yake, mzee wa Kimatumbi mwenye kikapu cha madonge meusi, amwachie nafasi, mumewe anasafirishwa. Mzee akamwambia, "Mwanangu, na mimi wangu yumo humo," akamwachia. Wa mbele zaidi hakumwachia. Kule ufukweni alikuwa akiwaona watu wanaketishwa mchangani kwa mistari, na mashua ya kwanza inasukumwa majini. Aliwahesabu waliomo. Likwata hakuwamo. Akahesabu watu wa mbele yake, wanne. Akawaza kukimbilia ufukweni, na kiboko cha yule askari kilikuwa kinatembea juu na chini ya safu, akaogopa akipigwa mpira utaanguka, utachafuka, utapasuka. Kwa hiyo alisimama. Hilo ndilo lililomuuma miaka yote iliyofuata, kwamba alisimama kwa adabu.

Mizanini alikuwa karani Yohana, kijana aliyesoma kwa mapadre, amewasili kutoka Lindi siku nne nyuma. Mchezo wa Bwana Ngumi hakuwa ameuona hata kwa macho. Alichokijua yeye ni mpira wa mizani, na alikuwa ameujua kwa machozi, kwa sababu huko alikotoka watu walimpunja kila msimu. Walitia mawe ndani ya madonge, walitia mchanga, walitia magome, na donge moja lilipopasuliwa mbele ya mkubwa wake likatoa jiwe la ukubwa wa yai, Yohana alipigwa makofi hadharani. Tangu siku hiyo hakuna donge lililopita mbele yake bila kukatwa. Kisu kilikuwa mkono wa kulia, mizani mkono wa kushoto.

Mboni aliufungua mpira kutoka kwenye kanga. Ulikuwa mkubwa kuliko wote, mviringo kabisa, unang'aa. Watu wa nyuma wakajongea kuutazama.

"Huu mpira wa Bwana," akasema Mboni haraka haraka, "usiupime, mwanangu, mwite Bwana aje autazame, kuna watu..."

Karani alikwisha kuuinua. Akaupima kwa kiganja. Uso wake ukaingia wingu, kwa kuwa donge la ukubwa ule lilipaswa kumwelemea, na hili lilikuwa jepesi kama maandazi.

"Mwepesi huu," akasema, na mkono ukatangulia akili, kisu kikaupasua mpira.

Haukutoa mlio mkubwa. Ulitoa pumzi ndefu, yenye harufu kidogo ya mbuzi. Mboni aliisikia usoni. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe, ile aliyoipuliza kwa tumbo tupu kule Njinjo, imekaa humo ndani siku tano ikimngojea Bwana Ngumi. Nusu moja ilibaki mkononi mwa karani, nyingine ikaangukia sahani ya mizani, na mizani ikatikisika kidogo ikatulia.

"Mnaona?" Yohana akawaambia watu, sauti imempanda. "Mnaona mnavyotufanyia? Ndani hamna kitu."

"Mlikuwa na pumzi," akasema Mboni.

Hakusema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemjibu mtoto. Na Yohana, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaitazama nusu aliyoishika, akauona utando wa kibofu ndani yake, na uzi wa nyavu wenye mafundo matatu, na tepe zilivyolazwa moja juu ya moja bila chembe ya mchanga. Kijana akaanza kuelewa kwamba amefanya jambo, ila hakujua ni jambo gani.

"Mama, mbona hukusema?" akauliza taratibu.

"Nimesema."

Bwana Ngumi alipanda kutoka ufukweni wakati ule, kofia imekaa nyuma, amefurahi na kahawa yake. Aliziona zile nusu mbili juu ya meza. Alizichukua, akazikutanisha, zikawa mviringo, akaziachanisha. Uso wake ulipata majonzi ya kweli, majonzi ya mtoto aliyevunjiwa kitu, na Mboni alipoyaona moyo wake uliruka, akaanguka magotini.

"Bwana, mnyororo wa watu sita. Ulisema ukipatikana mpira watabaki. Umepatikana."

Yohana alifasiri. Bwana Ngumi alisikiliza, akatazama saa yake, akatazama meli. Akasema maneno machache, kwa sauti ya mtu mwema.

"Bwana amesifu kazi yako," karani akamwambia Mboni, macho chini. "Amesema utengeneze mwingine kama huu. Utapewa posho."

"Na wale sita?"

Karani akauliza. Jibu lilikuwa fupi.

"Amesema meli haingoji. Na kuhusu wachezaji usiwe na shaka. Wafungwa wako wengi."

Wakati huo huo mnyororo wa Likwata ulikuwa unapitishwa mbele ya baraza kwenda mashuani. Mboni alizivuta zile nusu mbili mezani, akazificha chini ya kanga, kwapani, sijui kwa nini alizificha. Likwata akamwona. Alikuwa amekonda zaidi, ila uso wake uling'aa.

"Wamesema ulikwenda Njinjo," akasema.

"Nilikwenda."

"Mpira uliupata?"

"Niliupata."

"Unadunda?"

Mboni alizibana nusu zile kwa mkono. "Unadunda," akasema. "Unafika kiunoni."

Likwata akacheka, akageuza shingo kadiri mnyororo ulivyomruhusu, akamwambia aliyekuwa nyuma yake, "Si nilikuambia? Watu wa kwao wanaijua mipira." Kisha akamtazama tena mkewe, na kicheko kikaanza kumwishia usoni kidogo kidogo.

"Basi mbona tunakwenda?" akauliza.

 Wa mbele akavutwa, Likwata naye akavutwa, na wa nyuma, wote sita kwa mpigo mmoja, kama siku ile ya kwanza ya mchezo. Swali lake lilibaki pale barazani na Mboni akabaki nalo.

Mpira wa pili ulimchukua siku kumi, maana askari aliyemsindikiza msituni alikuwa mvivu wa kutembea. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Langoni safari hii hakuna aliyemtuma mizanini. Karani Yohana alikuja mwenyewe kuupokea kwa mikono miwili, hakuweza kumtazama. Jioni ile ile mnyororo wa watu wengine sita, waliokamatwa upande wa Kilangala, ulifunguliwa, wakaonyeshwa nguzo, wakaonyeshwa wavu wa Bi Mwahija, wakaonyeshwa mstari.

Mboni alisimama kwenye uzio mahali pake pa siku zote, ingawa hakuwa tena na kikapu. Pembeni yake alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Kadija, mwenye chakula kilichofunikwa kwa jani la mgomba, asiyeondoa macho kwenye mpira.

"Eti, dada," Kadija akamwambia, "wanasema wewe ndiye uliyeutengeneza."

"Ndiye mimi."

"Utadumu mpaka meli ipite?"

Mboni akautazama ukipanda juu ya wavu, ukashuka upande wa pili, ukapigwa, ukarudi. "Utadumu," akasema, kwa sababu yule mwanamke alikuwa amemgeukia na kumngoja, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.